Nina Canon 2000D na shilingi 25,000: niongeze lenzi gani kwa kazi za hapa Mombasa?

Kijana wa Kisauni

Assalam aleikum wanajukwaa. Natumia kamera ya Canon 2000D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo ndani ya boksi. Kazi zangu ni za mtaani: mahafali ya watoto, sherehe za kuzaliwa, nikahi za jamaa, na wikendi napiga watu ufukweni pale Pirates. Mchana sina tatizo. Usiku ukumbini, au ndani ya nyumba za Mji wa Kale, picha zinatoka zimejaa chengachenga, na mtu akigeuza shingo kidogo tu anatoka ametikisika.

Nimeweka kando 25,000. Nimeuliza watu watatu nikapewa majibu matatu: 50mm f/1.8, 55-250, na 10-18. Pesa ni ya lenzi moja. Ya mtumba pia sawa bora iwe nzima. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

Mvita Picha

Chukua 50mm, mengine utapanga baadaye. Uso unakaa mbele, nyuma kote kunafifia, na mteja anaona tofauti papo hapo.

Mzee wa Tudor

Waaleikum salaam mwanangu. Hao watatu kila mmoja amekujibu kwa kazi yake yeye, ndiyo maana hawakukubaliana. Kabla ya kutaja lenzi jiulize mawili: unaposimama kupiga, kuna mita ngapi kati yako na mtu? Na mwanga wa pale ni kiasi gani? Ukiyajua hayo, lenzi inajichagua.

Tuanze na mita. Sensa ya 2000D, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, upana wake milimita 22.3. Hesabu ni rahisi: chukua umbali wako kwa mita, zidisha kwa 22.3, gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana wa kitu kitakachoingia kwenye picha.

Sasa ingia sebule ya Mji wa Kale. Ukishaegemeza mgongo ukutani, umebaki na mita tatu hivi mpaka kwenye kochi la upande wa pili. Kwa 50mm utapata mita 1.3 tu: watu wawili waliokaa wakigusana mabega. Bibi harusi na mamake wanaingia, shangazi anakatwa. Kwa 24mm unapata mita 2.8, kwa 18mm mita 3.7, na kwa 10mm karibu mita 6.7, yaani ukuta mzima. Kwa hivyo Mvita Picha hajakosea kuhusu uso, lakini ukienda na 50mm peke yake kwenye sebule ile utaambiwa upige familia na hutakuwa na pa kurudi nyuma.

Ufukweni ni kinyume. Mtu mzima aliyesimama, kamera umeishika wima, ukimwachia nafasi kidogo juu na chini, 50mm inakutaka urudi nyuma kama mita tano. Pale Pirates mita tano ni kitu gani? Na uso unatoka na umbo lake halisi, pua haivimbi kama unapomkaribia mtu kwa 18mm.

Sasa mwanga. Hiyo 18-55 yako ukiivuta mpaka 50 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Maana yake: pale ulipolazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 6400 ukapata chengachenga, sasa unapiga kwa ISO 640 hivi na kasi ya shata ni ile ile. Au unabaki na ISO ya juu kiasi, unapandisha kasi kutoka 1/15 hadi 1/125, na mtu anayegeuza shingo hatikisiki tena.

Lakini angalia jambo ambalo wauzaji hawakwambii. Hiyo faida ya mara kumi ipo kwenye 50. Kwenye upande mpana lenzi yako tayari inafunguka f/3.5. Ukinunua 24mm f/2.8, ambayo ni lenzi ndogo nzuri sana, ulinganishe na 18-55 ikiwa kwenye 24: pale inafunguka karibu f/4. Faida unayopata ni mara mbili tu. Utaona tofauti, lakini tatizo lako la usiku litabaki.

Fanya kazi moja leo usiku. Fungua picha zako za miezi michache iliyopita kwenye kompyuta, tazama taarifa za kila picha, imepigwa kwa milimita ngapi. Usihesabu zote, chukua zile ambazo wateja walizipenda na zile zilizoharibika. Halafu rudi hapa utuambie. Na utazame maandishi ya mbele kwenye lenzi yako: imeandikwa IS, yaani kizuia mtikisiko, au haikuandikwa?

Binti Mvita

Kaka, mimi nakwambia upande wa akina mama, maana huko ninyi hamwingii. Napiga kupamba. Bibi harusi yuko jukwaani, taa ni za rangi, leo zambarau, dakika ya pili kijani, na mbele yake wamejaa wageni na watoto. Huwezi kusema nirudi nyuma mita tano, wala kusema subirini nibadilishe lenzi. Mpaka umalize kuifungua, wifi ameshamaliza kumtunza na ameshuka.

Nilianza na 50mm. Kwa bibi harusi peke yake na hina ya mikononi ni lenzi tamu sana. Lakini jambo la kujua mapema: ukiwa mita mbili na umefungua f/1.8, sehemu inayotoka kali ni sentimita kumi hivi, basi. Bibi harusi na dadake wakikaa mmoja mbele kidogo, mmoja atakuwa mkali na mwenzake amefifia. Wakiwa wawili naenda f/2.8, wakiwa watatu f/4. Kwa hivyo ile faida ya mara kumi anayoitaja mzee ni ya mtu mmoja. Ukiongeza watu, unaifunga lenzi, na mwanga unaondoka.

Sasa hivi natumia Tamron 17-50 f/2.8 ya mtumba, ile ya zamani ya 2006 isiyo na kizuia mtikisiko. Mota yake ina kelele, lakini ukumbini ngoma zinapiga, nani atasikia? Inakaa f/2.8 kuanzia 17 mpaka 50, sibadilishi lenzi usiku kucha. Kama utaipata nzima kwa bajeti yako, naiweka juu ya zote tatu ulizotajiwa.

Mzee wa Tudor

Binti Mvita umesema kweli, na hilo la sentimita kumi ndilo linalowaangusha wengi wanaonunua f/1.8. Ninapotofautiana nawe ni hapa: kwa kijana huyu mwenye lenzi moja na pesa ya lenzi moja, 17-50 inarudia milimita zile zile alizo nazo. Kwenye 50 inampa mwanga mara nne, vizuri. Kwenye 18, kutoka f/3.5 kwenda f/2.8, haifiki hata mara mbili. Nitalieleza vizuri akileta majibu ya picha zake.

Mtongwe Nikon

Samahanini kuingilia. Mimi nina Nikon D3200, niko Likoni. Haya ya 50mm yananihusu pia au ni ya Canon peke yake?

Mzee wa Tudor

Hesabu ni hiyo hiyo, sensa yako ni pana kidogo tu. Lakini Nikon ina mtego wake. D3200, kama ndugu zake wote wa D3000 na D5000, haina mota ya fokasi ndani ya kamera. Kuna lenzi nyingi za mtumba zimeandikwa AF au AF-D, bei yake inavutia, zinaingia vizuri kabisa kwenye kamera yako na picha inapigwa, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Wewe tafuta zilizoandikwa AF-S, hizo zina mota ndani yake. Na zile za AF-P usiziguse: D3200 haiwezi kuzifokasi kabisa, hata kwa mkono, kwa sababu pete yake inaendeshwa kwa umeme.

Kwako ningesema AF-S DX 35mm f/1.8G, ilitoka 2009. Kwenye sensa ya Nikon ndogo inaona kama jicho la kawaida, si finyu kama 50. Ndani ya nyumba utapata watu wanne pale ambapo 50 ingekupa wawili au watatu. Canon hawakuwahi kuwatengenezea watu wa sensa ndogo lenzi ya namna hiyo kwa bei hiyo, na kwa hilo watu wa Nikon mmebahatika.

Kijana wa Kisauni

Mzee, nimefanya ulivyosema. Za ufukweni karibu zote ziko kwenye 55, nimevuta mpaka mwisho. Za ndani zilizoharibika ziko mafungu mawili: za familia ziko 18 mpaka 24, na za nikahi msikitini ziko 55 kwa sababu nakaa pembeni sitaki kuwasumbua watu. Za msikitini ndizo mbaya kuliko zote.

Lenzi yangu imeandikwa EF-S 18-55mm na III mwishoni. IS haipo.

Mzee wa Tudor

Basi jibu lako umeshalileta mwenyewe.

Hiyo III ni lenzi ya boksi isiyo na kizuia mtikisiko. 2000D iliuzwa kwa namna mbili, na wenye IS II wanaweza kushika kwa 1/15 kitu kilichotulia kikatoka. Wewe huwezi. Ila ujue IS inatuliza mkono wako tu, haimtulizi bwana harusi.

Msikitini: flashi hupigi, na haifai, watu wamo kwenye khutba ya nikahi. Umekaa pembeni, mita tatu nne, unataka sura ya bwana harusi wakati ameshikana mkono na walii. Hapo ni 50mm f/1.8 na hakuna mjadala. Ufukweni ulikuwa unavuta mpaka 55, kwa hivyo hiyo 50 inakaa pale pale ulipozoea. Mafungu mawili ya kazi zako yametatuliwa na lenzi ambayo ilipotoka 2015 Canon waliipangia kama dola 125 hivi, wakati 10-18 ilitoka 2014 kwa dola 299 na 55-250 STM (STM ni aina ya mota ya fokasi) kwa dola 349. Bei za kwetu zinabadilika kwa ushuru na nauli, lakini popote utakapouliza 50 ndiyo itakuwa ya chini.

Sasa fungu la tatu, familia sebuleni kwa 18 mpaka 24. Hapa usinunue lenzi. Nunua mwanga. Flashi ya juu ya kamera yenye kichwa kinachozunguka, uielekeze kwenye dari nyeupe, dari yote inakuwa taa. Watu kumi wanamulikwa sawasawa, unafunga lenzi mpaka f/5.6 wa mbele na wa nyuma wote wakatoka wakali, ISO 400 au 800, na ile ile 18-55 yako unayoilaumu itakupa picha ambayo hukujua inaweza kuitoa. Mimi naona hili linapuuzwa sana. Watu wanakusanya lenzi tatu kutafuta mwanga ambao flashi moja ya mtumba ingewapa.

Ila kuna jambo la 2000D lazima ulijue kabla hujatoa senti. Canon waliondoa ile pini ya katikati kwenye kiatu cha flashi kwenye 2000D, 4000D na 250D. Flashi na vitriga (vifaa vya kulipua flashi kwa mbali) vingi vya kampuni nyingine vinategemea pini hiyo. Utaivisha, itawaka taa ya kuonyesha iko tayari, na haitalipuka. Flashi za Canon zenyewe za Speedlite zenye EX kwenye jina zinafanya kazi. Usinunue flashi ya aina nyingine mpaka uijaribu juu ya kamera yako wewe, si ya muuzaji.

Mpenda Majahazi

Mbona hakuna anayeitetea 55-250? Mimi nakaa pale Bandari ya Kale jioni, napiga majahazi, napiga ndege kule Nguuni, na mechi za vijana. Hakuna 50mm itakayonifikisha huko.

Mzee wa Tudor

Kwa kazi yako ni sahihi kabisa, na ukiwa na STM ya 2013 umeshika kitu kizuri. Lakini kijana hakutaja ndege wala mpira. Nami naongeza kwa wanaosoma: msichanganye hiyo na EF 75-300 ambayo mara nyingi inatolewa pamoja na kamera kwenye boksi la lenzi mbili. Ile haina kizuia mtikisiko na ukiivuta mpaka 300 picha inalegea. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua 55-250.

Fundi wa Makupa

Mimi nafungua na kusafisha lenzi, kwa hivyo niseme la mtumba, maana kijana amesema hata ya mtumba sawa.

Hapa Pwani adui wa lenzi ni kuvu. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, lenzi ikiwekwa ndani ya mkoba kabatini miezi kadhaa bila kutumika, kuvu inaota kwenye vioo vya ndani. Ukiitazama hivi hivi huioni. Fanya hivi: toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja na utazame kupitia upande wa pili, ukiinamisha lenzi kidogo kidogo. Vumbi ni vidoto, visikutishe, hata lenzi mpya inavyo. Kuvu ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi, mara nyingi zikianzia ukingoni. Ukiona hizo, rudisha. Ikikaa muda mrefu inakula ile rangi ya kinga juu ya kioo, na hapo hata mimi nikisafisha alama haiondoki. Ukiona kioo kizima kama kimepuliziwa pumzi na hakifutiki, huo ni utando, na picha zako zikikutana na taa zitakuwa zimepauka.

Zungusha pete ya fokasi. Ukisikia inakwaruza, ni mchanga wa pwani umeingia. Tazama miguu ya dhahabu pale lenzi inapogusa kamera, ikiwa na kijani au weusi, chumvi ya bahari imeshafika.

Na ukinunua 50mm ya mtumba, tazama ni ipi. Ile ya zamani, f/1.8 II ya 1990, mdomo wake, pale inapoingia kwenye kamera, ni wa plastiki, na nimeletewa nyingi zimeachana vipande viwili. Ya 2015 imeandikwa STM, mdomo ni wa chuma, na inakaribia kitu mpaka sentimita 35 wakati ya zamani inaishia 45. Kwa hina ya mikononi hizo kumi ni nyingi. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, lipa uchukue STM.

Binti Mvita

Fundi, waambie na namna ya kuweka. Nimeona watu wananunua lenzi nzima halafu inaharibikia kwao.

Fundi wa Makupa

Usiiweke kwenye mkoba wa ngozi wala wa kitambaa, unakunywa unyevu. Nunua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana na mpira, tia pakiti za silika jeli, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Shika asilimia 40 mpaka 50. Silika ikishajaa maji zile zenye rangi zinabadilika, unazikausha kwa moto mdogo zinarudi. Kubwa kuliko yote, itumie lenzi, ipate hewa na mwanga.

Ukitoka chumba chenye AC kwenda nje, usifungue mkoba palepale. Kioo kina baridi, hewa ya nje ina mvuke, mvuke unageuka maji juu yake na mengine ndani. Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa. Ufukweni usibadilishe lenzi hasa wakati wa kusi, mchanga unaruka usiouona. Ukirudi nyumbani pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo chumvi kwenye mwili wa lenzi, kisha kikavu. Kioo chenyewe kipulize kwanza kwa pampu ya mkono ndipo ukifute, la sivyo unakisugua kwa mchanga.

Mvita Picha

Kwa wanaopiga Pirates: jua letu linazama upande wa bara. Jioni ukimgeuza mtu bahari iwe nyuma yake, jua linampiga usoni anakunja macho. Msogeze kwenye kivuli cha minazi kuanzia saa kumi na moja, bahari nyuma bado ina mwanga, na kwa 50mm kwenye f/2.8 inatoka rangi ya kupendeza mno. Usichelewe, kwetu kiza kinaingia haraka, saa kumi na mbili na nusu kazi imekwisha.

Kijana wa Kisauni

Nimewaelewa, shukran sana wazee wangu na dadangu. Natafuta 50mm STM ya mtumba, na pesa inayobaki iende kwenye flashi. Kuna mtu ana 50 Bombolulu, na mwengine ana Speedlite ya zamani mjini. Swali la mwisho: siku nikipandisha kamera, nikahamia hizi mpya zisizo na kioo, hii 50 nitaitupa?

Mzee wa Tudor

Hutaitupa. 50mm STM ni lenzi ya EF, mdomo ambao Canon wanautumia tangu 1987. Inaingia kwenye DSLR zao zote, yaani kamera zenye kioo kama yako, za sensa ndogo na kubwa, na kwenye kamera za EOS R, hizo mpya zisizo na kioo, inaingia kwa adapta ya EF na fokasi inafanya kazi. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi za RF, zilizotengenezwa kwa hizo mpya, haziingii kwenye 2000D yako, hata mtu akikuapia.

Ukienda Bombolulu nenda na kamera na betri iliyojaa. Weka f/1.8, chagua nukta moja ya fokasi ya katikati, lenga maandishi ya gazeti lililobandikwa ukutani kutoka mita mbili, piga kama mara sita, kila mara ukiharibu fokasi kwanza ili iitafute upya. Kuza picha kwenye skrini. Zikitoka kali zote au tano, lipa. Zikitoka mbili kali na nne zimepotea, muage kwa wema. Halafu funga f/8 na upige anga jeupe, utazame kama kuna madoa. Madoa yakionekana, tia 18-55 yako upige tena. Yakibaki pale pale, ni ya sensa ya kamera yako, usimlaumu muuzaji.

Na kama una filta ya 18-55, hiyo ni ya milimita 58, haitaingia, 50 STM inachukua 49. Mimi singenunua filta. Tafuta kifuniko cha jua chake, kinaitwa ES-68, kinakinga taa za pembeni na kinapokea kishindo lenzi ikigonga kitu.

Fundi wa Makupa

Ukishaichukua, kabla hujaenda nayo nikahi, ilete Makupa niitazame kwa tochi. Kutazama sichukui pesa.